Kwa Nini Punda Hugaragara Mavumbini Akishatuliwa Mzigo

Mambo yalibadilika siku ya Alhamisi, mwezi kumi na nne Mfunguo Nane, saa tisa na nusu ya alasiri, adhana ikiwa bado haijasikika kutoka msikiti wa bondeni. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu kivuli changu kilikuwa kimeanza kurefuka kuelekea nyumbani, nami nilidhani tunakaribia kuondoka.

Kabla ya saa hiyo, wajukuu zangu, punda hakuwa akilala mavumbini. Alikuwa mnyama nadhifu kuliko ng'ombe na mbuzi. Alichagua pa kukanyaga, alilalia majani makavu, na vumbi likitimka njiani aligeuza uso. Najua mnacheka, kwa kuwa nyinyi mmezaliwa mkakuta mambo yako hivi. Mimi niliuishi wakati ule.

Shamba letu lilikuwa dogo, mteremko mmoja tu wa mtama na uwele katika milima ya Irangi, na mbaazi mpakani. Wenyewe walikuwa wawili, Mzee Nasoro na mkewe Bi Mwajabu. Binti zao walikuwa wameolewa mbali. Ulikuwa wakati wa kipupwe, mavuno yamekauka tayari kukatwa. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni mpaka jua lipande. Mchana upepo mkavu ulipukutisha majani ya miti, yakajaa njiani hata kwato zangu hazikusikika. Kazi yangu ilikuwa kubeba masuke kutoka shambani hadi uani, katika sogi, ile mikoba miwili ya ukili inayoning'inia ubavuni.

Bi Mwajabu ndiye aliyenipakia na ndiye aliyenitua. Kila jioni alichukua kicha cha mabua akanipangusa kuanzia shingoni hadi mkiani, akiniambia habari za siku nzima kama vile sikuwapo. Mzee Nasoro alikuwa akimkuta pale uani.

"Mke wangu, na mimi nikirudi nimechafuka utanipangusa hivyo?"

"Kwani wewe leo umebeba nini?" alimjibu, na mzee alicheka akaingia ndani.

Alhamisi hiyo alikuwa ameshajaza mkoba mmoja, anajaza wa pili. Akasimama. Aliweka mkono mgongoni mwangu, kisha akaegemeza paji la uso ubavuni, kama mtu anayesikiliza kitu.

"Ngoja kidogo, baba," aliniambia.

Nikangoja. Uzito wake uliteremka polepole mpaka akawa amekaa chini kati ya miguu yangu. Inzi waliniuma, lakini sikuinua hata kwato moja, nikiogopa kumkanyaga. Mzee Nasoro alipopanda kutoka msikitini baada ya sala, alituona kwa mbali akapaza sauti, "Mwajabu, mbona umekaa?" Alipofika alipiga magoti. Aliita tena jina lake kwa sauti ndogo. Halafu akatamka yale watu wanayoambiwa wayatamke msiba unapofika, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea.

Maji ya kumwoshea niliyaleta mimi kutoka mtoni. Sikumwaga hata tone, ingawa njia ni ya mawe. Hilo ndilo jambo la mwisho watu waliloniagiza kwa ajili yake. Asubuhi ya Ijumaa alitolewa katika jeneza, na wanaume wakambeba mabegani. Nilikuwa nimesimama uani, mgongo uko tayari. Hakuna aliyenitazama. Mimi niliyebeba mtama wake, kuni zake, maji yake na hata wajukuu zake walipokuja kusalimia, yeye mwenyewe sikupewa nimbebe. Sikulaumu, maana binadamu hubebwa na binadamu wenzake. Lakini nilifuata nyuma, na kamba yangu ikiburuzika.

Makaburini alishushwa, wakamfunika. Kisha kila mtu alisogea akainama, akachota udongo kwa mikono akautia kaburini mara tatu. Alitia mumewe. Alitia Hemedi, kaka wa marehemu, mtu wa hasira za karibu. Walitia majirani. Hata Songoro, mtani wa ukoo, ambaye desturi inamruhusu kutania msibani, alitia udongo wake huku akisema, "Haya, dada, nenda. Ulitunyima chumvi sisi watani, ukamlambisha punda wako." Watu wakacheka kidogo na macho yamejaa machozi.

Maalimu, aliyekuwa akisimamia maziko, akauliza, "Kuna ambaye hajatia? Asije akarudi nyumbani na deni la moyo."

Walitazamana. Wote walikuwa wametia. Nilikuwa nimebaki mimi.

Wajukuu zangu, punda alisikia kila kitu zamani hizo kama anavyosikia leo, na hakuwa na kauli ya kujibu. Nilijua kaburi likishafungwa, halifunguliwi kwa ajili ya aliyechelewa. Nikasogea kati yao. Niliinamisha kichwa nikajaribu kuchota kwa midomo, udongo ukaponyoka. Nikaparua kwa kwato, ukarukia kanzu za watu.

"Loo! Naye kaja kudai mirathi," Songoro alisema.

Hemedi hakucheka. "Toeni mnyama huyu hapa!" Alinipiga ubavuni kwa mpini wa jembe, pale pale dada yake alipoegemea. Niliumia, lakini sikuondoka. Kando ya kaburi palikuwa na rundo la udongo waliouchimba. Mimi niliyeogopa vumbi nilikunja magoti nikalala juu yake. Niligaragara upande huu na upande ule, mpaka udongo ukaingia kwenye manyoya, masikioni na machoni. Kisha niliinuka, nikasogea ukingoni, nikajikung'uta. Udongo ukaanguka juu ya Bi Mwajabu. Nilirudi tena nikalala, nikainuka, nikajikung'uta. Nilipokuwa nikilala kwa mara ya tatu, Hemedi alikuwa ameinua jembe lenyewe.

"Anamchezea dada yangu! Punda wa namna hii ni nuksi. Namvunja miguu hapa hapa."

"Shemeji, shusha hilo jembe," Mzee Nasoro alisema. "Hachezi. Hebu mwangalie. Anatia udongo."

"Punda anatia udongo?"

"Sisi tumetia kwa mikono. Yeye kwato hazichoti. Angefanyaje?"

Upepo ulipita na majani makavu yakaingia kaburini. Wote walimgeukia Maalimu. Yeye alinitazama kwa muda, akashusha miwani yake, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Katika niliyosoma," alisema, "sijaona panapomkataza. Mwacheni amalize."

Hemedi alishusha jembe. Niliinuka nikajikung'uta mara ya tatu, hapo wakalifukia kaburi, Maalimu akaomba dua, nasi tukashuka kijijini.

Mavuno yalikuwa hayajaisha. Mimi na Mzee Nasoro tuliyamaliza wawili peke yetu. Alipakia vibaya, mkoba mmoja mzito kuliko mwenzake, nami nilitembea upande upande bila kugoma. Jioni hakuna aliyenieleza habari za siku. Uani alinitua mzigo akakaa kizingitini na mikono mapajani, wala hakuna aliyemtania. Kila nilipotuliwa, kabla ya kugusa maji, nilitafuta mahali penye udongo mtupu. Nililala, nikagaragara, nikainuka, nikajikung'uta. Makaburi yalikuwa mbali, lakini niliamini udongo wa Mungu ni mmoja. Mzee alinitazama kila jioni na hakunikataza. Mara nyingine midomo yake ilikuwa ikitikisika kama anayeomba dua.

Wanangu waliniona wakafanya vile vile. Punda wa majirani waliwaona wanangu. Punda waliokutana nao mnadani waliondoka na desturi hiyo kwenda nchi ambazo mimi sizijui.

Na tangu siku hiyo, punda popote alipo, akishatuliwa mzigo hulala mavumbini kwanza. Watu husema anawashwa, au anapumzisha mgongo. Waacheni waseme. Nyinyi mkilala, kumbukeni mnamtilia udongo mtu aliyewahi kuwapakia kwa upole. Kila punda ana wake. Wangu alikuwa Mwajabu.

Ee Mola, uliyemuumba yeye kwa udongo na ukamrudisha humo, mrehemu Mwajabu. Lipanue kaburi lake, liwe na nuru. Msamehe alipokosea. Mpe pumziko, kwani alifanya kazi mpaka saa yake ya mwisho. Umfariji na mzee aliyebaki kizingitini, na siku yake ikifika, umkutanishe na mkewe mahali pasipo na jioni ya upweke. Na udongo wetu sisi tusio na mikono, Mola wetu, uupokee. Amina.