Jina Lililorukwa

Mwanamke mmoja alikuwa na kaka, na kaka huyo alikuwa na watoto wanne. Watatu walizaliwa ndani ya ndoa. Mmoja, Nakijwa, alizaliwa kabla ya ndoa, akalelewa kwa mama yake kijiji cha pili. Kaka alipoona ugonjwa haumwachi, alimwita dada yake, Namsifu, akamwomba jambo moja: siku ya mazishi asome yeye wasifu wa marehemu, na watoto wote awataje. Kwao, mtoto asiyetajwa kaburini ukoo haumhesabu tena.

Namsifu aliandika wasifu kwa mkono wake, ukurasa mmoja na nusu. Aliusoma jikoni mara nne maharage yakichemka, hakukosea hata neno. Lakini hakuwa amesimama mbele ya watu tangu kidato cha pili, darasa zima lilipomcheka kwenye mdahalo, na sasa alikuwa na miaka arobaini na sita. Siku ya mazishi aliona watu wamejaa chini ya turubai mpaka barabarani, mate yakamkauka. Akampa karatasi Mfinanga, mwongozaji wa shughuli, mtu mwenye sauti nzuri. Alijiambia kwamba maneno ni yale yale, asome nani.

Mfinanga alisoma vizuri sana. Watu walilia pale alipotaka walie. Kisha akasema marehemu ameacha mjane na watoto watatu. Namsifu alidhani amesikia vibaya. Akasikia majina matatu, moja baada ya jingine, akaona karatasi inakunjwa. Mwandiko ulikuwa wake, na mstari mmoja haukusomwa. Baadaye ilijulikana kwamba shemeji mmoja alimnong'oneza Mfinanga asimwaibishe mjane, naye akakubali. Hakuwa na cha kupoteza. Kaka hakuwa wake.

Watoto wakaitwa waweke udongo kaburini. Watatu wakasogea. Nakijwa, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameshainama na kujaza kiganja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akafungua mkono. Udongo ukadondoka kando ya kiatu chake.

Namsifu akasimama. Hakukiendea kipaza sauti, maana hakujua kama angefika. Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika, akaanza upya.

"Mfinanga, umeruka jina. Ni wanne. Wa nne ni Nakijwa, yule pale. Mwanangu, okota udongo wako."

Shemeji aliinamisha kichwa. Watu wote wakamgeukia mjane, ambaye kila mtu aliamini hajui habari za mtoto huyo. Mjane hakuonekana kushangaa. Alisogeza miguu yake pembeni, mtoto apate njia.

Nakijwa akapita, akaweka udongo.

Namsifu aliketi, kanga imelowa jasho mgongoni. Miaka imepita, na watu wa kule bado wanalisimulia neno lake kama lilivyosemwa. Sijamsikia hata mmoja akitaja kwamba sauti ilitetemeka. Na katika yote aliyoyasoma Mfinanga kwa sauti ile nzuri, hakuna anayekumbuka hata sentensi moja.

Ninyi mnaosema hamwezi kusimama mbele za watu, karatasi yenu mmempa nani awasomee, na mna hakika gani kwamba hataruka jina?