Jina Ambalo Halikusomwa

Leo nawapa fundo. Msinitazame mimi nilifungue, maana limenishinda mwezi mzima.

Huko Rungwe, ambako mtu akiahirisha shughuli kwa sababu ya mvua atazeeka hajaoa, walikuwepo majirani watatu. Mzee Anyosisye alijua kusoma anga. Akilitazama wingu lililokaa juu ya mlima, atakwambia uanike mahindi au uanue. Lutengano alikuwa fundi baiskeli. Alizungusha gurudumu macho kayafumba, na kwa kusikiliza tu akajua spoki ipi imelegea. Sekela alikuwa na miguu. Mlima ambao wenzake walishuka kwenye baiskeli wakaisukuma, yeye aliupanda amekaa.

Kila mwaka kulikuwa na mbio za baiskeli za hisani, za kuchangia chumba cha wazazi kwenye zahanati. Kabla ya kuondoka, mwenye kipaza sauti alisoma jina la kila mwendeshaji, kisha jina la mtu anayemkumbuka. Mdogo wake Sekela, Tupokigwe, alifia njiani kwenda zahanati, akiwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, amebebwa kwenye machela. Tangu siku hiyo nyumbani kwao jina hilo halikutajwa, kwa kuwa mama yao akilisikia hali chakula. Sekela akajiandikisha, akafanya mazoezi mwaka mzima. Kushinda hakukuwa shida yake. Alitaka alisikie jina la mdogo wake likitamkwa mbele za watu, hata mara moja tu.

Asubuhi ya mbio Mzee Anyosisye alimkuta akifunga kamba za viatu.

"Usiende, mwanangu. Leo si mvua tu, ni mvua ya mawe. Yatawakuta kwenye kona za mteremko."

"Tata, mvua tumezaliwa nayo."

"Nimesema mawe."

Sekela alimheshimu mzee kama baba, lakini moyo ulikataa. Akazunguka uani kuchukua baiskeli yake, akaikuta haina mnyororo. Lutengano alikuwa amekaa juu ya ndoo, mnyororo kauzungushia mkononi.

"Rudisha, kaka."

"Mzee akisema mawe, ni mawe. Ukivunjika shingo nitamwambia nini mama yako? Amebakiwa na wewe tu."

Basi akabaki. Na mawe hayakunyesha. Wingu lilizunguka mlima, likaenda kumwaga mzigo wake upande wa pili. Upepo ukaleta sauti ya kipaza sauti kutoka uwanjani, ng'ambo ya bonde. Sekela alisimama kwenye migomba akisikiliza majina, moja baada ya jingine, mpaka likafika lake. Likaitwa mara mbili. "Hayupo," sauti ikasema, ikaruka kwenda kwa mwingine. Jina la Tupokigwe halikusomwa. Sekela alilia bila kujificha, na Mzee Anyosisye, aliyekuwa barazani kwake, hakuinua macho.

Mchana jirani yao Mboka akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Bodaboda zote za kijiji zilikuwa zimekwenda kusindikiza mbio. Baiskeli iliyobaki ilikuwa moja, ya Sekela. Lutengano alirudisha mnyororo, akafunga mto kwenye keria. Sekela akapanda, Mboka akamshika kiuno. Zilikuwa kilometa tisa na milima miwili. Walipofika kwenye kalavati alipofia Tupokigwe, Mboka alimwomba wapumzike.

"Popote dada, ila si hapa," Sekela akasema, akaendelea kukanyaga.

Mtoto alizaliwa zahanati, salama, wa kike.

Sasa, kijijini kwao kuna desturi: aliyeuokoa uzazi humpa mtoto jina la marehemu wake, lisipotee. Mboka akawaita wote watatu.

"Aitwe Kissa, kama marehemu mke wangu," akasema Mzee Anyosisye. "Nisingesema neno, Sekela angekuwa mbioni, na wewe ungekuwa peke yako."

Lutengano akacheka. "Tata, wewe ulikosea. Siku hizi kosa nalo linadai zawadi?"

"Nilikosea mvua. Kumzuia sikukosea."

"Maneno yako alishayapuuza. Kilichomzuia ni mnyororo, na mnyororo niliuchukua mimi. Aitwe Subilaga, kama mama yangu. Alikufa akisubiri mjukuu."

Sekela aliuangalia mkono wa mtoto.

"Ninyi mlinizuia," akasema. "Milima nimepanda mimi. Na jina la mdogo wangu mmeshaninyima mara moja."

Mboka alifuta machozi kwa pindo la kitenge. "Wote mnanidai shukrani," akasema, "lakini jina ni moja. Mtoto mwenye majina matatu akiitwa hajui ageukie wapi."

Mwezi umekwisha, na mtoto bado anaitwa Mtoto. Kila jioni Sekela anapita pale akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda, ili akawie kidogo mlangoni, asikie kama mtoto ameshapewa jina.

Haya, semeni. Mzee aliyekosea, fundi aliyeficha, au binti ambaye, angepata alichotaka, asingekuwepo? Je, wewe ungemwita nani? Ukishaamua usininong'oneze. Litamke jina kwa sauti.