Kapu la Thokozani

Asante haingoji shibe. Leo nimewatuma mrudishe bakuli la jirani likiwa na unga ndani, nanyi mkanung'unika kwamba unga wenyewe hautufikishi kesho. Nikawajibu kwa maneno hayo, mkataka kujua nimeyatoa wapi. Nimeyatoa kijijini kwetu, upande wa Nachingwea, na aliyeyaleta ni mgeni ambaye hatukumtazamia.

Wakati huo nilikuwa msichana mdogo. Mihogo yetu ilikuwa inatudanganya. Juu ilikuwa na majani mabichi na shina zuri, lakini ukichimba unakuta imeoza ndani. Misimu ilifuatana hivyo, na njaa ikawa kama mtu wa nyumbani.

Asubuhi moja tukasikia sauti ya mwanamke uani: "Zikomo, zikomo." Alikuwa na kapu kubwa kichwani na matope mpaka magotini. Gari la bwana shamba lililokuwa likimleta lilinasa mtoni, naye, kwa kuhofia mzigo wake usikauke, akaamua kutembea. Aliitwa Thokozani, mkulima kutoka Malawi. Kapuni mlikuwa na pingili za mihogo ya aina isiyooza, amezifunika kwa gunia bichi. Nauli yake ilichangwa na watu wa nchi za mbali, ambao hatukupata kuwaona, wala wao hawakupata kutuona.

Bwana shamba alipofika, mama alimuuliza maana ya neno lile. Akaeleza kwamba kwao ni asante, na ndilo hilo hilo mtu hulisema anapobisha hodi.

Mama alicheka. "Mgeni gani huyu, anashukuru hata maji hajapewa?"

Tangu siku hiyo watoto tulimwita Bi Asante, naye akaitika.

Alikaa nasi msimu mzima, jembe mkononi. Kazi ngumu ilikuwa kutushawishi tung'oe mihogo ya zamani na kuichoma moto. Mzee Mnali, mwenyekiti wa kijiji, alimwambia kwamba kung'oa mhogo wenye majani ni kumzika mtu anayepumua. Thokozani, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akajibu kwamba naye alilia alipong'oa ya kwake, na kwamba mbegu hii mpya hata yeye aliletewa na mgeni. Basi tukang'oa.

Siku ya kuondoka alituachia kapu lake. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na mama hakuwa na cha kutia. Akamwambia, "Tukishavuna tukashiba, kapu lako litakufuata."

"Zikomo," akasema Thokozani, akapanda gari.

Mihogo ilikubali. Makopa ya mihogo mikavu yakajaa darini, na sisi watoto tukaacha kusinzia darasani. Kapu lilining'inia ukutani. Kila mwaka mama alilitazama akasema bado kidogo, kwanza tuezeke nyumba, kwanza sare za shule. Shibe, wajukuu zangu, haina siku inayosema nimefika.

Kisha redio ikatangaza mafuriko Malawi, huko huko kwa Thokozani. Mashamba yalikuwa yamechukuliwa na maji. Lakini mwaka ule nasi mvua zilitupita, makopa yakaisha. Tulichobakiwa nacho ni mashina ya mihogo tuliyoyahifadhi kivulini, tukisubiri mvua ili tuyakate pingili tupande. Mama akachukua kapu ukutani, akaenda mkutanoni kuomba kila nyumba itoe mashina.

Mzee Mnali hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza kwa upole, "Binti Nambunga, ahadi yako ilisema tukishiba. Je, umeshiba?"

Watu wakacheka. Hata mama alicheka, kwa sababu tumbo lake lilinguruma wakati ule ule na wa karibu wakalisikia. Kisha akasema, "Yule mwanamke alitushukuru mlangoni, kabla ya maji. Sisi tumekula mihogo yake miaka yote hii, bado tunangoja tushibe ndipo tushukuru? Asante haingoji shibe, Mzee Mnali."

Mzee Mnali akainuka, akaenda nyumbani kwake, akarudi na mzigo wa mashina begani. Wengine wakamfuata. Wengine walirudi makwao bila kutoa kitu, na hatukuwasema, maana tulijua watoto wao wamelalaje.

Mama alitoa nusu ya mashina yake. Akashona upya ukingo wa kapu kwa ukindu, akalijaza pingili, na zilizozidi tukazitia magunia. Bwana shamba alizikagua, akatafuta kibali cha mpakani, na wale watu wa mbali wakachangia tena usafiri. Thokozani alituma neno moja tu, na mnalijua. Kapu lenyewe likabaki huko, kwa mwenyewe.

Mvua iliponyesha, mama alipanda mpaka katikati ya shamba, pingili zikaisha. Mbele yake ulibaki udongo mtupu, na mimi nilijua maana yake ni mwaka mwingine wa uji mwepesi. Nikamuuliza nusu ile itakuwaje.

Alifuta jembe kwa majani, akaliweka begani.

"Hiyo imeshapandwa," akasema. "Iko Malawi."

Mwaka ule tulilala na njaa zaidi ya mara moja, lakini ukuta ule haukuwa na kapu la mtu. Haya, chukueni bakuli mpeleke. Asante haingoji shibe.