Msumari Mmoja Mtupu

Sogeeni. Aliye karibu na mlango aufunge, na mwenye simu aizime, maana leo sina hadithi ya kuwabembelezea usingizi. Nina kesi. Mimi msimuliaji tu, mahakimu ni ninyi, na nawaonya mapema kwamba mwenzenu imenishinda.

Huko Tukuyu, ambako mvua ikitaka kunyesha haimuulizi mtu, walikuwako watu watatu wenye vipaji. Mwalimu Subilaga wa darasa la pili alikuwa na jicho: akikaa kimya nyuma ya darasa aliona yale ambayo wengine waliyapita. Lusajo wa hospitalini alikuwa na mikono. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wagonjwa na watoto waweze kuvaa, kula na kujifanyia mambo yao, na kifaa kisichopatikana dukani alikichonga mwenyewe. Atupele, afisa ustawi wa jamii, alikuwa na ulimi. Angefukuzwa kwenye nyumba asubuhi, na jioni angetoka nyumba hiyo hiyo amefungiwa ndizi za kwenda nazo.

Watatu hawa walijuana darasani, ukubwani, kila mmoja na shahada yake na mvi zake za kuanzia. Chuo kikuu kimoja kilifungua masomo ya stashahada ya uzamili kuhusu usonji, kwa walimu na wote wanaowahudumia watoto, nao wakawa wanapanda basi kila Jumamosi kwenda Mbeya kusoma. Mhadhiri wao, Dakta Mhagama, aliwaambia siku ya kwanza, "Usonji si pepo wa kufukuzwa. Ni namna nyingine ya ubongo kuupokea ulimwengu. Kabla hujamrekebisha mtoto, jiulize yeye anapokea nini." Walirudi wakibishana njia nzima, hata kondakta akawabatiza jina la wabunge. Mtu mzima anayerudi kukaa dawatini kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, mimi nampenda, sifichi.

Mtoto mwenyewe aliitwa Tusekile. Alikuwa darasa la pili, akilelewa na bibi yake, na hakuwa akisema maneno. Vipindi vikianza alitoka mbio, akakatiza kwenye migomba mpaka barabara ya malori ya chai. Siku moja lori lilifunga breki mbele yake kabisa, dereva akashuka akilia. Mwalimu Mkuu Mwakalinga, mtu mwema lakini mwoga wa msiba, akatoa neno: "Akitoroka tena, arudi nyumbani moja kwa moja. Siwezi kumzika mtoto wa watu." Na nyumbani kulimaanisha chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa nje.

Sikieni basi alichofanya Subilaga. Wengine walisema Tusekile anakimbia masomo. Subilaga akakaa nyuma akimtazama, akaona kwamba somo halina kosa. Mnaijua desturi yetu: mwalimu akiingia, darasa zima linasimama na kupaza sauti, "Shikamooo mwalimuuu!" Watoto wa Tukuyu wana mapafu, na paa la bati linairudisha sauti yote chini. Tusekile alikuwa akiikimbia salamu. Subilaga akaifuta. Darasani kwake watoto wakaanza kuinua kiganja kimyakimya, naye anainua chake. Chumba cha walimu kilichemka.

"Unatulelea watoto wasio na adabu," mwenzake mmoja akamwambia.

"Adabu ipo," Subilaga akajibu. "Kelele ndizo zilizopungua."

Wakamnunia muhula mzima, na hakurudi nyuma.

Lusajo naye. Mtoto sasa alibaki darasani, lakini kila shughuli ilipobadilika alijitupa chini, kwa kuwa hakujua kinachofuata. Lusajo akatafuta ubao, akapigilia misumari, akachora picha za siku nzima: kengele, uji, kusoma, kucheza, kurudi nyumbani. Akachora na kibanda kitulivu kilichokuwa nyuma ya darasa, ili mtoto akizidiwa aitoe picha hiyo ampe mwalimu. Pembeni akatundika picha za nyuso tatu, yake na za wenzake, Tusekile ajue siku hiyo nani yupo. Akajivuna sana. Mara Tusekile akagoma kunywa uji. Lusajo akauonja, akaupasha moto, akaupooza, wapi! Mpaka alipoitazama picha yake vizuri: alichora kikombe cha bluu, na vikombe vya shule ni vyekundu. Mtoto alikuwa anangoja kikombe alichoahidiwa. Lusajo alicheka mpaka akakaa chini, akapaka rangi upya, na uji ukanyweka.

Mnaona hao wawili wametosha? Ngojeni. Kabla ya hayo yote, mara tu baada ya ile siku ya lori, bibi alikuwa ameapa kwamba mtoto hatoki tena, na hapo pasingekuwa na salamu ya kufuta wala picha ya kuchora. Hakuwa mkatili, alikuwa na aibu. Kwao, mtoto akimpita mkubwa bila kuinama na kuamkia, ukoo mzima umepata doa.

"Haniamkii hata mimi niliyemlea," alimwambia Atupele. "Watu wanasema nimefuga mnyama."

Atupele angeweza kuja na sheria. Alikuja na mikono mitupu, akamenya ndizi naye. Akarudi, wakachambua maharage. Akanyeshewa, akarudi. Ndipo siku moja akauliza, "Bibi, Tusekile akiamka asubuhi anaanza na nini?"

"Anakuja ananishika kidole hiki. Anakivuta, halafu anaenda zake."

"Kila siku?"

"Kila siku." Bibi akakitazama kidole chake. "Kumbe alikuwa ananiamkia," akasema, na machozi yakamtoka. Kesho yake alimleta mtoto shuleni mwenyewe.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe. Dakta Mhagama alikuja shuleni kuwatembelea wanafunzi wake watatu, na mvua ikaja naye. Bati linaunguruma, mgeni anaingia darasani, na watoto kwa furaha wakasahau yote waliyofundishwa. "Shikamooo mgeniii!" Tusekile akaziba masikio, akaruka, mbio kuelekea mlangoni. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama hapohapo. Akafumba macho.

Mtoto akasimama mbele ya ubao. Akatoa picha ya kibanda, akampa Subilaga, akatembea. Alitembea, nasema, hakukimbia. Bibi yake, aliyekuwa nje na mwavuli, akamfuata. Mvua ilipopungua walirudi, mtoto amemshika bibi kidole. Akaketi mahali pake, akamwinulia mgeni kiganja. Dakta Mhagama akainua chake.

Nje ya darasa akawaambia, "Chuo kimenipa nafasi moja ya shahada ya uzamili kwa wilaya hii. Ni miaka miwili Dar es Salaam, na atakayehitimu atarudi kuwafundisha walimu wa shule zote. Nilikuja kumtafuta aliyemfikisha mtoto huyu alipo. Nipeni jina kabla sijaondoka, la sivyo inakwenda wilaya nyingine."

"Aende Subilaga," Lusajo akasema. "Bila jicho lake tungekuwa bado tunamkimbiza barabarani."

"Na ningejua anachoogopa, halafu? Angeniambiaje bila picha zako?" Subilaga akasema. "Lakini kama ni haki, aende Atupele. Bila yeye tungekuwa tunafundisha dawati tupu."

"Mimi nilimfikisha mlangoni tu," Atupele akasema. "Waliomkalisha ni ninyi."

Msidanganyike na upole huo. Kila mmoja aliitaka nafasi ile kwa roho yake yote.

"Basi mtoto achague," Mwalimu Mkuu akasema, na ninamsamehe, kwa sababu alikuwa amechanganyikiwa kama mimi. Akarudi nao darasani, akazitoa zile picha tatu za nyuso, akaziweka mezani mbele ya Tusekile. Mtoto akazitazama. Akazikusanya zote, akaenda kwenye ubao, akazitundika moja moja, kila uso kwenye msumari wake. Akarudi kuketi.

Dereva wa Dakta Mhagama alikuwa ameshawasha gari.

Asipoenda mtu, watoto wengine wa wilaya ile wataendelea kufungiwa vyumba vya nyuma, na walimu wao hawatajua la kufanya. Akienda mmoja, msumari mmoja utakaa mtupu miaka miwili, na hakuna picha iwezayo kumweleza Tusekile miaka miwili ni nini.

Je, wewe ungeamua vipi? Usinijibu mimi. Nenda mpaka kwenye ubao ule, Tusekile akikutazama, utoe picha moja.