Ngedere Aliyemkumbatia Nyani Ulingoni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, kuni zipo. Mwenye haraka atangulie.

Hapo zamani za kale palikuwa na mkuyu mmoja na koo mbili za kuula, nyani na ngedere. Kila mwaka, makuyu yakiiva, kila ukoo ulimtoa mpiganaji mmoja wa ngumi. Bi Sikujua, mfinyanzi na mwamuzi wao, alileta chungu chenye tundu chini, akakijaza maji. Maji yakiisha, wapiganaji hupumzika. Vyungu vitatu, basi. Aliyeangushwa, ukoo wake uliukosa mkuyu mwaka mzima. Wakibaki wamesimama wote wawili, koo zote zilikula.

Mwaka uliopita ngedere walimtoa Shaame. Shaame hakurudi nyuma hata hatua moja. Alisimama katikati, akapiga, akapigwa, umati ukaliimba jina lake mpaka alipoanguka. Hakuinuka tena, Mungu amrehemu.

Mama yake akabaki na mwana mmoja, Kombo. Mwaka huu zamu ikamwangukia yeye.

"Mwanangu," mama alisema, "waliomshangilia kaka yako walikwenda kwao kula. Mimi nilikwenda kuzika. Sitaki sifa. Nirudie."

"Mama, ni Nyani yule yule wa mwaka jana, ana mkono kama mchi."

"Basi kimbia. Ukichoka kukimbia, jifunike. Ukichoka kujifunika, mshike. Kushika hakuna aliyekufundisha. Siku uliyozaliwa ulining'ang'ania tumboni, nikaruka nawe matawi saba, na hukuanguka."

Chungu cha kwanza kikaanza kudondosha: to, to, to. Nyani akaja, Kombo akakimbia. Akazunguka kulia, akazunguka kushoto, akazunguka kulia tena.

"Hee!" Fisi akapiga kelele. "Tumekuja kuona ngumi au kufukuza kuku?"

Chungu cha pili: to, to, to. Kombo akauficha uso nyuma ya mikono, ngumi zikamtwanga mabegani kama mpunga kinuni.

"Fungua mlango, wee, wageni wamefika!" akasema Punda, na uwanja mzima ukacheka.

Mama hakucheka. Wala hakumchukia Punda. Punda alikuwa ametembea siku mbili, kwato zimempasuka, ili aone ngumi. Na mwaka jana, Shaame alipokuwa amesimama pale katikati, ni nani aliyepiga vigelegele kuliko wote? Ni yeye mama. Hilo alikuwa akimweleza Mungu kila alfajiri.

Chungu cha tatu: to, to, to. Miguu ya Kombo ilikuwa imekwisha, mikono imekufa ganzi. Nyani akauinua ule mkono. Mama akafumba macho. Alipoyafumbua, Kombo alikuwa amejitupa kifuani pa Nyani, amemkumbatia.

"Huyo anapigana au anaposa?" Fisi akauliza.

"Achaneni!" akasema Bi Sikujua, akawatenganisha. Kombo akashika tena.

"Achaneni!" Akawatenganisha. Kombo akashika tena.

"Achaneni!" Safari hii hawakuachana. Mama akaona midomo ya Nyani ikisogea sikioni mwa mwanawe. Maneno yenyewe aliyasikia baadaye, kwa Kombo.

"Mdogo wangu, usiniachie," Nyani alinong'ona. "Tangu mwaka jana mkono huu haunipi usingizi. Lakini ukoo wangu unanitazama. Ukiniachia, itanibidi nipige."

"Sikuachii, kaka."

Mama akauona ule mkono ulioinuliwa ukishuka polepole, polepole, polepole, ukatulia mgongoni mwa Kombo.

To. To. Kimya.

Umati ukazomea. "Pambano bovu kuliko yote niliyoyaona!" akasema Fisi, akatema mate. Punda akaanza safari yake ya siku mbili kurudi kwao. Mkuyu ukaliwa na koo zote, na waliokula hawakumshukuru mtu.

Wimbo wa Shaame unaimbwa mpaka leo. Wimbo wa Kombo haupo. Lakini jioni ile mama alipakua sahani mbili, akasema bismillahi, na sahani zote mbili zikaliwa.

Hadithi yangu naitua hapo. Anayemwona Kombo kuwa mwoga aniambie kesho. Leo anyamaze kidogo, mama anakula na mwanawe.