Ratiba Iliyofuata Mwezi

Mwaka ule wa korona, shule zote zilipofungwa, kijiji kimoja cha wavuvi kati ya Mbamba Bay na Lipingo kilikuwa na watoto arobaini na watatu wa darasa la saba. Mtihani wa taifa ulikuwa unawasubiri, na mwalimu wa kuwafundisha ana kwa ana hawakuwa naye. Wenzao wa mijini waliambiwa wafuate vipindi kwenye runinga. Huku ziwani runinga zilikuwa mbili tu: ya paroko na ya mwenye duka, na ya mwenye duka ilijua mpira peke yake.

Mwalimu Mkuu, Mama Benadetha, alimwita Mwalimu Norbert ofisini. "Mwalimu, nakukabidhi darasa la saba. Waandalie kazi za kufanyia nyumbani. Tuna rimu nne za karatasi, hazitaongezwa. Zikiisha bure, basi tena, watoto wetu wataingia kwenye mtihani mikono mitupu."

Norbert alikuwa kijana hodari, mzaliwa wa milimani Mbinga, na kama kuna kitu alichokipenda baada ya mama yake mzazi, ni ratiba. Siku tatu nzima alipiga mistari kwa rula, nyekundu kwa hisabati, bluu kwa Kiswahili, kijani kwa sayansi. Kila mtoto achukue karatasi zake dukani Jumatatu, asome kila siku kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, arudishe Ijumaa. Kwa kweli ilipendeza.

"Umewauliza wazazi kama saa hizo zinafaa?" Mama Benadetha aliuliza.

"Niwaulize nini, Mwalimu Mkuu? Mimi nimekulia kijijini. Asubuhi mtoto yuko kwenye shamba la kahawa, saa nane amerudi, amekula, yuko huru. Halafu mwalimu mzima nianze kuzunguka naulizauliza namna ya kupanga vipindi, si watasema sijui kazi?"

Mama Benadetha akaipitisha ratiba kama ilivyo. Kijana akishajiona amefika, mwache atembee kidogo.

Ijumaa ya kwanza zilirudi karatasi za watoto tisa. Ijumaa ya pili, watoto wanne, na rimu mbili zilikuwa zimeshateketea. Kilichomuuma Norbert kuliko vyote ni Edina. Mtoto huyo alikuwa akiongoza darasa tangu la nne, na hakuwa amerudisha hata karatasi moja.

"Watu wa ziwani hawajali elimu!" Norbert alifoka. "Wao ni usipa tu, asubuhi usipa, jioni usipa!" Jumamosi asubuhi akavaa viatu vyake vya ofisini, akashuka ufukweni kwenda kumpa mama yake Edina vidonge vyake.

Alimkuta mama huyo, Mama Marselina, kwenye chanja, zile meza ndefu za miti wanazoanikia samaki. Usipa, wale dagaa wa ziwa letu, walikuwa bado wanang'aa kwa maji, na familia nzima ilikuwa inawatandaza mbio mbio kabla jua halijapanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Usisimame hivyo kama mgeni wa harusi. Shika ndoo hiyo, mwaga upande wa kule."

Norbert alikuja na maneno makali mdomoni, lakini utamkaripiaje mtu aliyekwisha kukupa ndoo? Akamwaga. Akatandaza. Saa nne ilipofika, kazi ikasimama ghafla. Edina na wadogo zake wakakaa chini na vijiti vyao, kazi yao ikiwa kufukuza kunguru. Wakakaa tu. Kiburi kikamtoka Norbert kidogo.

"Mama, naomba kuuliza. Hawa watoto hapa watakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa nane, saa tisa. Jua likishamaliza kazi yake ndipo tunaanua. Tukishaanua tunafunga kwenye magunia, tunawasha moto, tunawaandalia wavuvi nyavu na taa."

"Kwa hiyo saa tisa mpaka saa kumi na mbili..."

"Saa hizo ulizoandika?" Mama Marselina alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu wangu, saa hizo hata mkuu wa wilaya akija tutampa gunia ashike!"

"Na kila siku ni hivi?"

"Aa, siyo kila siku. Hizi ni siku za giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa usipa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika zaidi ya wiki, na watoto wanashinda wakicheza. Wewe unapanga kwa saa, sisi huku tunapanga kwa mwezi. Ungeuliza tungekwambia."

Norbert alimgeukia Edina. "Na wewe, mbona hata moja hukunirudishia?"

Edina aliinamisha kichwa. "Nilizifanya, Mwalimu. Zote. Nilizifanya hapa hapa nikilinda kunguru. Lakini zilishika shombo. Nawe ulisema daftari linalonuka samaki hulipokei." Akaenda ndani, akarudi na karatasi za wiki mbili, zimejikunja, zimegandwa na magamba. Hesabu zote zilikuwa sahihi, isipokuwa mbili.

Norbert aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kweli aliyasema hayo, mbele ya darasa zima. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Makosa ni yangu."

Hakuondoka mpaka mchana. Akiwa amekaa juu ya ndoo, alipanga upya kila kitu, Mama Marselina akimtajia na yeye akiandika. Siku za giza, maswali machache tu, saa nne hadi saa nane, kila mtoto kwenye chanja ya kwao. Siku za mbalamwezi, insha na majaribio marefu. Na juu ya kila karatasi aliandika kwa mkono wake: *Shombo inaruhusiwa.*

Ijumaa iliyofuata zilirudi karatasi za watoto thelathini na sita. Wiki ya mwezi mkubwa zilirudi za watoto wote arobaini na watatu. Mama Benadetha alifungua mlango wa ofisi akaziba pua.

"Mwalimu Norbert! Ofisi nzima inanuka usipa!"

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu. Ndilo darasa la saba hilo, limehudhuria lote."

Mama Benadetha alicheka, akafungua dirisha, akavuta kiti wasahihishe pamoja. "Haya niambie, uliyajuaje ya mwezi, wewe mtu wa milimani?"

Norbert hakuinua kichwa kutoka kwenye karatasi ya Edina. "Niliuliza," alisema, na safari hii hakuona haya kulisema, maana kuuliza si ujinga.