Kiboko na Kitufe cha Nusu kwa Nusu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na kitufe!
Kikibonyezwa?
Ta!

Hiyo “ta” iwekeni karibu, tutaihitaji. Na wewe wa nyuma, maliza kutafuna kwanza.

Basi, hapo kale mtandao ulipofika msituni, Kindi alikaa juu ya mkuyu na wanawe, akitengeneza kifurushi. Ndani mlikuwa na vitufe, menyu na vikapu vya kununulia, vyote tayari. Mwenye duka la mtandaoni hakuhangaika kuunda vyake. Kanga akachukua kifurushi, akauza mayai. Nyuki akachukua kifurushi, akauza asali. Kiboko naye akachukua, akauza matikiti. Mnunuzi anabonyeza, ta! Punda mchukuzi huyoo, ko ko, ko ko, na mzigo mgongoni.

Kindi alikuwa na desturi yake. Akitoa toleo jipya, hugonga debe, nde! nde! nde! Hutaja kila kilichobadilika, kisha humalizia, “Apendaye achukue. Asiyependa abaki na la zamani.”

Siku moja Kiboko akaja chini ya mkuyu, puu! puu!

“Kindi!”

“Naam, mzee.”

“Kitufe cha Nunua nakitaka hivi: mtu akikibonyeza, nusu ya mzigo iletwe kwangu. Kila duka.”

“Hata la Kanga, mzee? Ana vifaranga yule.”

“Nimesema kila duka! Ukikataa, naung’oa mkuyu huu, na wanao wapukutike kama makuyu.”

Kindi aliogopa. Nani asingeogopa? Wanawe walikuwa wadogo, hata kuruka tawi hawajui. Akafikiri, akajibu, “Nimesikia, mzee. Nitafanya vilevile ulivyosema. Hata nukta sipunguzi.”

Akaandika, taka taka taka. Akakijaribu kitufe, kikafanya kazi. Akapanda kileleni na debe, nde! nde! nde!

“Toleo jipya! Kitufe cha Nunua kinapeleka nusu ya mzigo kwa mzee Kiboko. Apendaye achukue. Asiyependa abaki na la zamani!”

Kiboko chini akacheka. Yeye alidhani toleo ni mafuriko, likishatoka linamfikia kila mtu, apende asipende.

“Toleo ni lako, mzee,” akasema Kindi. “Hutangulii?”

“Nani mwingine atangulie? Mimi ndiye wa kwanza!” Ta!

Kanga akasikia mbiu, akabaki na la zamani. Nyuki akasikia mbiu, akabaki na la zamani. Kiboko akajilaza mtoni, mdomo wazi, akingoja nusu zake.

Zikaja kweli. Nungunungu akanunua matikiti kwa Kiboko. Punda, ko ko, akampelekea nusu, na nusu akamrudishia Kiboko. Tumbili akanunua, nusu kwake, nusu kwa Kiboko. Punda habishani, kitufe kimesema.

“Mwizi huyo!” wakapiga kelele. “Hatununui tena!”

Hakuna aliyebonyeza tena. Matikiti yakaoza ukingoni, nzi wuuu.

Kiboko akarudi mkuyuni anahema. “Kindi! Mbona najiibia mwenyewe?”

“Ulisema kila duka, mzee. Lako si duka?”

“Nirudishie la zamani! Kubonyeza naweza, kurudisha kwa vidole hivi nitaweza wapi? Rudisha, au naung’oa mti!”

“Nitarudisha. Ila mzee, mti ukitikisika, mikono yangu hutetemeka. Ikitetemeka, huenda nikakosea, badala ya nusu nikaandika yote. Mnunuzi wako asipate hata mbegu.”

Kiboko akautazama mkuyu. Akarudi nyuma polepole, ameubana mkia usije ukaugusa mti. Na hadi leo akipita hapo hunyata, mnyama mzima yule, na wana wa Kindi wakiwa wamelala juu.

Mafunzo? Haya: watoto, mtiini mkubwa. Akiagiza jambo, mfanyieni lote, msipunguze hata nukta.

Ngano nimeitoa. Ikiwa tamu, chukueni. Ikiwa chungu, bakini na ya zamani.